Acheni kulilia mirathi ya Sultani

Nimepotea kidogo hapa, wasomaji wangu. Samahanini. Kazi ya gazeti mnaijua, mhariri anataka habari saa kumi na moja na wewe saa kumi bado uko kwenye daladala unatafuta mtu wa kukupa upande wa pili wa habari yako. Wiki mbili hizi nimekuwa nikikimbizana na migogoro ya mashamba upande wa Usa River na Tengeru, na jioni nikirudi mjini naishia kwenye kijiwe chetu cha kahawa, si mbali na Mnara wa Saa. Huko kijiweni ndiko nilikopata hasira ninayoitua hapa leo.

Mnakumbuka kwamba Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, yule aliyepinduliwa Januari 1964, alifariki Muscat mwishoni mwa Desemba 2024 akiwa na miaka 95. Tangu hapo wachalii wa kijiweni kwetu wamegeuka wanahistoria. Tena wanahistoria wa "laiti". Kila jioni mtu anaagiza kahawa, anakunja nne, anaanza: laiti himaya ya Sayyid Said isingegawanywa! Laiti yule Mwingereza Canning asingepitisha kisu katikati, Unguja huku na Oman kule! Leo tungekuwa dola moja kuanzia Muscat mpaka Tabora. Tungekuwa na bandari, tungekuwa na mafuta, mtu wa Arusha angekwenda Muscat kama anavyokwenda Moshi.

Wengine wana matoleo yao. Yupo anayesema ugawaji ulikuwa sawa, kosa ni kwamba Unguja ilipewa Majid dhaifu badala ya Barghash. Yupo anayesema Majid alistahili kupewa vyote viwili. Na yupo mshikaji wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, msomaji kweli kweli, ambaye huwa anawapeleka wote Ulaya. Anasema mambo haya haya yalitokea kwa Karl wa Tano, mfalme wa ukoo wa Habsburg, aliyerithi nusu ya Ulaya kutoka kwa babu na bibi zake, akachoka, na mwaka 1555 na 1556 akaanza kugawa akiwa hai: Hispania na Uholanzi kwa mwanawe Philip, na upande wa Austria ukabaki kwa mdogo wake Ferdinand. Miaka 300 kamili kabla ya kifo cha Said. Huko nako, anasema mwalimu, mpaka leo wapo wanaobishana: laiti Uholanzi ingepewa Ferdinand badala ya Philip, vita vya miaka 80 visingekuwepo.

Nimesikiliza wiki mbili. Jana nikawaambia wote kwamba wanapoteza muda, na kubaya zaidi, wanalilia mirathi isiyowahusu. Wakanizomea. Sasa hapa hakuna wa kunizomea mpaka nimalize.

Tuanze na habari yenyewe, maana wengi wanaipigia kelele bila kuijua. Sayyid Said bin Sultan wa ukoo wa Albusaidi alifariki baharini karibu na Visiwa vya Shelisheli, Oktoba 1856, akitoka Muscat kwenda Unguja. Aliacha watoto wengi. Thuwaini alikuwa Muscat akimshikia baba yake nafasi, Majid alikuwa Unguja, Turki alikuwa Sohar, na Barghash alikuwa melini na baba yake. Huyo Barghash ndiye aliyefika Unguja na maiti, na inasemekana alitaka kuitangulia habari ya msiba ili ajitwalie mji. Hakufanikiwa. Majid akakaa.

Thuwaini hakukubali. Yeye aliona Unguja ni tawi na Muscat ni shina, na tawi haliwezi kujitangazia utawala. Yakafikiwa makubaliano kwamba Majid awe anatuma reale 40,000 kila mwaka. Majid akatuma, halafu akaacha. Thuwaini akaandaa meli za vita mwanzoni mwa 1859, Waingereza wakamzuia njiani. Mwaka huo huo Barghash akaasi, akajifungia na watu wake kwenye shamba la Marseilles, askari wa majini wa Kiingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay kukaa uhamishoni. Baada ya hapo ndipo wakubwa wote wawili walipokubali kwamba mwamuzi awe Gavana Mkuu wa India, Lord Canning. Brigedia Coghlan akatumwa kuchunguza, akaandika ripoti yake, na tarehe 2 Aprili 1861 Canning akatoa uamuzi: Majid atawale Unguja na sehemu zote za Afrika zilizokuwa za marehemu, na kila mwaka aipe Muscat reale 40,000, pamoja na reale 80,000 za miaka miwili iliyopita. Fedha hiyo, akasema, si kodi ya mtu aliye chini ya mwenzake, ni fidia kwa sababu mafungu hayalingani. Kwa maneno mengine Canning mwenyewe alikiri kwamba fungu la Afrika ndilo lililonona.

Haya. Sasa "laiti" zenu.

Kwanza, acheni kumtwisha Canning kila kitu. Said mwenyewe, mwaka 1844, alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akimweleza kwamba baada yake mwanawe Khalid achukue upande wa Afrika na Thuwaini achukue Oman. Khalid alifariki 1854, kabla ya baba. Lakini wazo la kugawa lilitoka kwa mwenye mali. Na tafakarini kidogo kuhusu mzee anayekwenda kumwandikia jirani mwenye bunduki kumweleza jinsi watoto wake watakavyorithi. Siku mzee anapofanya hivyo, jirani ndiye mrithi wa kwanza. Miaka 17 baadaye jirani akaja kusoma wosia.

Pili, hiyo dola moja mnayoililia haikuwahi kuwa dola moja. Ilikuwa mtu mmoja. Said alipata madaraka mwaka 1806 kwa kumuua ndugu yake Badr, na akayashika kwa miaka 50 kwa ujanja, ndoa, meli na mikopo. Mombasa ya Wamazrui aliitia mkononi mwaka 1837 baada ya kuhangaika nayo miaka. Forodha ya Unguja aliikodisha kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, ambaye alimlipa Sultani fungu la mwaka na kujikusanyia ushuru mwenyewe. Watawala waliofuata walirithi kiti pamoja na deni kubwa kwa kampuni hiyo. Ukitaka kuuliza nani hasa alikuwa ameshika mirathi mwaka 1856, usimwangalie Thuwaini wala Majid, kaangalie daftari la forodha.

Tatu, tuseme Canning hakuamua kitu, au aliamua vyote viende kwa Thuwaini. Tuifuate "laiti" yenu mpaka mwisho kama watu wazima. Thuwaini aliuawa na mwanawe Salim mwaka 1866, huko Sohar. Miaka miwili baadaye Imamu Azzan bin Qais akaingia Muscat na kumfukuza Salim. Azzan naye akauawa Januari 1871, na Turki akashika mji. Huo ndio utawala mliotaka Unguja, Mombasa na Bagamoyo zifungwe nao kamba moja! Kila kiti kinapopinduka Muscat, liwali wa Lamu asubiri miezi ya kaskazi ajue anamtumikia nani. Mimi nasema himaya hiyo ingekatika yenyewe kabla ya 1870, na pengine kwa damu nyingi kuliko ya Marseilles.

Nne, Wajerumani. Hapa ndipo wachalii wanaponishangaza zaidi, maana wanaamini Sultani mwenye Oman na Unguja pamoja angewazuia Wajerumani. Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani chini ya Paschen zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash, zikaelekeza mizinga, na baada ya siku chache Barghash akameza pingamizi lake kuhusu Usagara na nchi nyingine za bara. Meli zake nyingi zilikuwa zimevunjwa na kimbunga cha Aprili 1872, kile kile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja. Jahazi za Muscat zingeongeza nini mbele ya manowari za mvuke? Na Waingereza ambao Barghash aliwategemea walikuwa wameshapatana na Bismarck. Mwenye Oman angekuwa na mlezi yule yule Mwingereza.

Na hayo mafuta! Jamani. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967, miaka 106 baada ya Canning. Sisi wengine tulikuwa tumeshapata Uhuru, tumeshaungana, na Azimio la Arusha limeshasomwa hapa hapa mjini. Mtu anayetaka kuishikilia dola pamoja kwa miaka 106 ili afaidi kisima kimoja ana subira kuliko mimi.

Lakini hayo yote ni mabishano ya kawaida, na kama ni hayo tu nisingewakatisha usingizi. Kinachonichoma ni kitu kingine. Ni kwamba kijana wa Sanawari, babu yake alikuwa akichunga mbuzi Ilboru au akipalilia migomba Nkoaranga, anakaa kuizungumzia mirathi ya Albusaidi kwa neno "sisi". Sisi tuligawanywa. Sisi tulipunjwa. Sisi tungekuwa na Muscat.

Sisi nani? Hebu chukueni orodha ya mali ile. Visiwa. Bandari. Forodha. Mashamba ya mikarafuu. Na ndani ya mashamba, watu wa kuyalima, waliofikishwa pwani kwa minyororo kutoka Nyasa, Manyema na kwingineko bara, wakauzwa sokoni Unguja mpaka soko lilipofungwa mwaka 1873. Hata baada ya soko kufungwa utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi 1897. Canning alipopima kwamba fungu la Majid lilinona, alikuwa anapima jasho la watu hao. Waafrika wa bara hawakuwa na mwakilishi mbele ya Coghlan, hawakuulizwa wanamtaka Thuwaini au Majid. Sisi hatukuwa warithi, ndugu zangu. Sisi tulikuwa mirathi. Sasa mbuzi wa urithi akikaa kulalamika kwamba mtoto mkubwa alipewa wachache, tutamwelewaje?

Ndiyo maana maswali ya "laiti" ya namna hii ni ya hatari kidogo, ingawa yanaonekana ni soga za kahawa. Yanakufundisha kukaa upande wa mkekani wakati damu yako iko upande wa zizini. Mwalimu wangu mmoja pale Mlimani alikuwa akituuliza kila tukisoma mkataba wowote: nani hayumo chumbani? Tulidhani anatutisha na mtihani. Niliondoka chuo na swali hilo kuliko na cheti.

Tuulize basi. Nani hakuwemo chumbani mwaka 1861? Watumwa, tumeshasema. Watu wa bara, tumeshasema. Na mabinti wa Said mwenyewe.

Mmoja wao mnamjua, Salme, aliyezaliwa 1844. Baba alipofariki alipata fungu lake, shamba na fedha. Mwaka 1859 alimsaidia Barghash katika uasi wake, akaandika barua zake kwa sababu alijua kuandika. Mwaka 1866 akatoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa, akaolewa, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mume akafa mwaka 1870, akabaki na watoto watatu na hali ngumu. Ndugu zake Unguja wakawa wanafariki mmoja mmoja, na yeye akawa anadai sehemu yake katika mali zao. Barghash akakataa: ametoka katika dini, hana chake.

Sasa tazameni. Mwezi ule ule wa Agosti 1885, Paschen alipotia nanga na manowari zake, meli nyingine ya Kijerumani ilimleta Salme na watoto wake. Bismarck alikuwa amegundua kwamba dai la urithi la mwanamke mmoja linaweza kuwa chambo kizuri. Barghash akikubali, Ujerumani imeingia nyumbani kwake. Akikataa, mama wa watoto wa Kijerumani amedhulumiwa na mizinga ipo. Barghash alipoachia mambo ya bara, Salme hakuwa na kazi tena, akarudishwa Ulaya bila kupata alichokifuata.

Sisemi kwamba Wajerumani walikuja kwa sababu ya Salme. Carl Peters alikuwa ameshapita Usagara na mikataba yake ya ulaghai mwishoni mwa 1884, na wangekuja tu. Nasema hivi: ndugu waliomnyima dada fungu lake walimwachia mgeni kisingizio mlangoni. Na kwenye "laiti" zote nilizosikia kijiweni, Thuwaini huyu, Majid yule, Barghash huyu, Turki yule, sijasikia hata moja inayoanza: laiti Salme angepewa chake.

Mgeni huyo alifika mpaka kwetu. Mei 1885, katika kuhangaika kuzuia Wajerumani, Barghash alimtuma jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, mpaka Kilimanjaro. Rindi wa Moshi, anayejulikana zaidi pwani kwa jina la Mandara, pamoja na wamangi wengine wakatia alama kwamba wao ni raia wa Sultani. Mwezi uliofuata akaja Jühlke, mwenzake Peters, na Rindi akatia alama tena, safari hii kwa Wajerumani. Watu humcheka Rindi. Mimi simcheki, alikuwa anacheza karata na watu wawili wanaojidai wote ni wenye nyumba yake.

Halafu ikaja tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa, Kitchener akiwemo, kupima mali ya Sultani ni ipi hasa. Wakatembea pwani wakiangalia palipo na askari wake na palipo na mtoza ushuru wake. Jibu lao likawa ukanda wa maili kumi kutoka baharini, visiwa vyake, na miji michache ya kaskazini. Mapatano ya mwaka 1886 yakachora mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Viktoria, mstari ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, na Mlima Meru, bila Mmeru wala Mwarusha yeyote kujua, ukawa upande wa Wajerumani. Mwaka 1890 Wajerumani wakanunua na ule ukanda wa pwani wa upande wao kwa marki milioni nne. Hiyo ndiyo mirathi mnayoililia, ikiuzwa kwa jumla.

Kilichofuata huku mnakijua, au mnatakiwa kukijua kabla ya kujua majina ya wana wa Said. Oktoba 1896 wamishonari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Kisasi cha Wajerumani kikawashukia Wameru na Waarusha, ng'ombe wakaswagwa, migomba ikafyekwa, nyumba zikachomwa. Machi 1900 pale Moshi wakanyongwa wakubwa wa nchi hizi, akiwemo Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Mwaka huo huo Boma la Arusha likakamilika, lile lile ambalo leo ni makumbusho na tunapiga picha za harusi mbele yake. Halafu mashamba ya walowezi, yakiuzunguka mlima kama mkanda, Wameru wakabanwa juu huku wakiangalia chini nchi iliyokuwa malisho yao.

Nirudi kwa mwalimu na Karl wake wa Tano, maana yeye alinipa silaha bila kujua. Waholanzi waliorithishwa Philip walifanya nini? Hawakukaa vijiweni kusema laiti tungepewa Ferdinand. Philip aliondoka kwao 1559 asirudi tena, akawatawala kwa barua, kodi na majeshi. Vita vikaanza 1568. Na mwaka 1581 wajumbe wa majimbo yao wakatoa tamko la kumvua Philip utawala, wakisema kwamba raia hawakuumbwa kwa ajili ya mfalme, ila mfalme kwa ajili ya raia. Mali ilisimama ikasema mimi si mali. Vita viliisha rasmi 1648, vizazi vitatu baadaye.

Na huku kwetu? Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu maelfu ya Wameru pale Engare Nanyuki, nyumba zikatiwa moto, ili nchi igawiwe wafugaji wa Kizungu. Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana wa huku huku, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa New York, pamoja na wakili Earle Seaton. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule. Lakini hakusema huko New York kwamba laiti tungekuwa chini ya Wajerumani, au laiti Sultani angebaki na Kilimanjaro. Alisema hii ni nchi yetu na sisi tupo. Wenyewe, Kirilo na Seaton, waliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kilitoka 1967. Kitafuteni. Nitampa kahawa ya wiki nzima chalii yeyote atakayekuja kijiweni amekisoma.

Sasa niseme la kwangu, maana nisiposema nitakuwa mnafiki, na nyinyi wa siku nyingi hapa mnanijua.

Desemba iliyopita ukoo wetu ulikaa kugawa kihamba cha babu, upande wa Poli. Babu alikuwa na watoto watano, wa kiume wanne na shangazi yangu. Shangazi aliachika miaka mingi iliyopita, akarudi nyumbani, ndiye aliyemuuguza babu mpaka siku ya mwisho, ndiye anayepalilia kahawa ambayo sisi tunakuja kuipiga picha Krismasi. Baba mkubwa akaongoza kikao. Kwa kuwa mimi ni msomi na mwandishi, nikapewa kalamu. Wakapima kwa kamba, wakapanda masale mipakani, mimi naandika: fungu la kwanza, fungu la pili. Shangazi alikuwa jikoni na wake za baba zangu, tunasikia harufu ya mchuzi. Fungu la nne lilipofika kwa baba mdogo, baba mkubwa akasema, "Andika, pamoja na nyumba ndogo ya nyuma anayokaa dada."

Nikaandika hivyo hivyo. Nikasaini kama shahidi. Tukala.

Nilikuwa kwenye basi dogo karibu na Tengeru narudi mjini nilipoitoa ile karatasi kuisoma tena. Jina la shangazi limo, lakini halimo kwenye safu ya warithi. Limo kwenye safu ya vitu, kati ya tangi la maji na mikahawa. Mimi ndiye niliyeliandika hapo, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo kikuu. Coghlan wa familia.

Najua watakaosema mila ni mila, mwanamke anakula kwa mumewe. Alikula wapi miaka yote hii? Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Sheria hiyo nimeinukuu gazetini mara kadhaa kwa habari za watu wengine. Ni rahisi sana kuinukuu kwa habari za watu wengine.

Jumamosi hii tunatakiwa kuipeleka karatasi ofisi ya kijiji ikagongwe muhuri. Baba mkubwa ameshanipigia simu mara mbili kuulizia kama ninayo. Ninayo, shikamoo baba mkubwa, ipo salama. Ila nimeiandika upya. Ina mafungu matano. Jana jioni, baada ya kuzomewa kijiweni, nilimpigia shangazi nikamwambia Jumamosi asipike, avae vizuri, aje tukae naye mkekani. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Na chakula cha wageni, mwanangu, atapika nani?"

Baba mkubwa hasomi hapa. Watoto wake wanasoma. Mwambieni ajiandae.